Jembe la Wachelewaji

Julai mwaka jana nilikuwa TP katika shule moja ya sekondari ya kata, kwenye baridi ya nyanda za juu kusini. Wiki ya pili nikapewa kazi ya mwalimu wa zamu. Kwa wale ambao hamjaenda bado, mwalimu wa zamu ndiye anayesimama getini asubuhi na daftari mkononi, na shule ile, kama shule nyingi tulizosoma sisi wenyewe, ilikuwa na utaratibu wake: anayefika baada ya kengele anapewa jembe. Anakwenda bustanini, anapiga tuta au anabeba ndoo kadhaa za maji, ndipo aingie darasani.

Siku hiyo walichelewa watano. Wa mwisho alikuwa binti wa kidato cha pili, sketi imelowa hadi magotini.

"Umechelewa kwa nini?"

"Nilikuwa namwagilia, madam."

"Unamwagilia nini saa hizi?"

"Kabichi za nyumbani, madam. Kule bondeni. Mama anaumwa."

Nikamwonyesha jembe. Nilisema, na nakumbuka vizuri kwa sababu mwenzangu wa TP alicheka, "Basi kamwagilie na hizi za kwetu." Binti akachukua jembe bila kusema neno. Kipindi cha kwanza kilikuwa cha kwangu, jiografia, mada ya hali ya hewa na tabianchi. Nikafundisha kwa chati niliyoichora usiku kucha, rangi nne, huku mtu pekee katika kidato kile aliyekuwa ametoka kupambana na kiangazi kwa mikono yake asubuhi ileile yuko nje, nimemfukuza mimi.

Sijawahi kumwomba radhi. TP iliisha, nikarudi chuo. Ndiyo maana naandika.

Hoja yangu naisema mapema ili asiyetaka aruke ukurasa: sisi tunaokwenda kuwa walimu tuache kuifanya bustani ya shule kuwa gereza dogo. Majira tuliyoyazoea yameharibika, na shule inapomfundisha mtoto kwamba jembe ni la wachelewaji na watukutu, inamnyang'anya kitu atakachokihitaji kuliko chati yangu ya rangi nne.

Mimi ni mtoto wa Mapera, wilaya ya Mbinga. Wengi hapa chuoni wakisikia Mbinga wanajua kahawa, na wachache wanajua kwamba sasa lami inateremka hadi Mbamba Bay, Ziwa Nyasa. Kitu ambacho hawakijui ni jinsi mwaka wetu ulivyo mfupi. Wenzetu wa Kilimanjaro au Kagera wana vuli na wana masika. Sisi tuna mvua moja tu. Inaanza Novemba au Desemba, inakata Aprili au Mei, halafu inakuja baridi ya Juni na Julai, halafu jua kali la Septemba na Oktoba. Ukikosea kupanda, hakuna msimu wa pili wa kujisahihisha. Hakuna sapu, ni kudisko moja kwa moja.

Na ardhi yenyewe ni milima. Mlima si maneno ya kupamba, kuna mashamba ukidondosha boga juu utaliokota kwa jirani wa chini. Wazee wetu Wamatengo walibanwa kwenye milima hiyo karne ya 19, wakati wa vita na uvamizi wa Wangoni, na wakalazimika kulima mahali ambapo mvua moja kubwa ingeweza kuondoka na shamba lote. Walichofanya ndicho kinachoitwa ngoro, wengine huandika ngolo. Mwishoni mwa mvua, kama Machi, majani yanafyekwa kwa nyengo, yakinyauka yanapangwa kwa mistari inayokatana kama madirisha. Kisha udongo wa katikati ya kila dirisha unachimbwa na kufunikiwa juu ya majani. Katikati linabaki shimo, pembeni kuna matuta. Ukisimama mlima wa pili ukatazama, shamba linafanana na sega la nyuki. Maharage yanapandwa kwenye matuta, majani yanaoza chini yake yanakuwa mbolea, maji ya mvua yanaingia shimoni badala ya kukimbia na udongo. Msimu unaofuata mahindi yanapandwa palepale. Kufyeka ni kazi ya wanaume, kuchimba na kufukia ni ya wanawake, na mtu akikuambia kazi hizo mbili zinalingana, mpe jembe ajaribu.

Watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, pamoja na wa SUA Morogoro, walikuja Mbinga miaka ya 1990 kusoma mashimo haya. Mimi nimesoma shule ya msingi na sekondari katikati ya mashimo hayohayo, na katika madaftari yangu yote ngoro ilipata mstari mmoja, kwenye orodha ya njia za kuzuia mmomonyoko wa udongo, kati ya makinga maji na kupanda miti. Nilipata vema kwa sababu niliikumbuka. Mwalimu hakutupeleka kuiona, ilhali ilikuwa ng'ambo ya dirisha.

Sasa nieleze kilichoharibika. Msimu uliopita mvua ya kwanza nyumbani ilishuka Novemba, siku tatu mfululizo, mvua nzuri kabisa. Kijiji kizima kikaamini. Mama akapanda mahindi, akahamishia na miche yake ya mboga. Kisha likawaka jua wiki tatu. Mahindi yaliyokuwa yameota yakasinyaa. Mbegu ya dukani hairudiwi bure, ni pesa nyingine. Pesa ile ilitoka kwenye bumu langu, sehemu niliyokuwa nimeiweka ya kutolea kopi na kuprinti ripoti. Sisemi hivi nionekane mtoto mwema. Nasema kwa sababu najua humu hosteli tuko wengi ambao bumu linapoingia tu, nusu yake linapanda basi kwenda kijijini kununua mbegu ya mara ya pili. Tunalalamika bumu halitoshi. Nina hakika baadhi ya hilo pengo ni mvua.

Halafu Machi, maharage yalipopandwa kwenye ngoro mpya, mvua iliyotakiwa kupungua ikakataa kupungua. Maua yakapukutika. Maharage kwetu ni mboga, na ni pesa pia.

Bibi yangu alikuwa na kalenda yake. Aliangalia miti ya miombo huko chini ikitoa majani mapya kabla ya mvua, aliangalia ukungu wa asubuhi unatoka upande gani. Simcheki, kalenda ile ilimlisha na kulea watoto wake. Ila hata yeye kabla hajafariki alikuwa anasema, "Siku hizi mbingu inadanganya." Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa utabiri wa mvua za msimu kila mwaka kabla ya Novemba, na redio inasoma. Tatizo ni kwamba utabiri ule unazungumzia eneo pana, na Mbamba Bay iliyo ufukweni si Mapera iliyo mlimani. Hata ikitangazwa El Niño, taharuki inayoanzia Dar es Salaam haituhusu kwa namna ileile. El Niño mara nyingi huongeza mvua kaskazini mwa nchi na pwani ya kaskazini, lakini kusini kwetu tuko mpakani, kati ya tabia ya Afrika Mashariki na ile ya Kusini mwa Afrika ambako El Niño huleta ukame. Mwaka mmoja tunaangukia huku, mwaka mwingine kule. Kwa hiyo mkulima wa Mapera anabaki na swali lake: hii mvua ya leo nipande au nisubiri?

Mama amejibu swali hilo kwenye bustani, si shambani. Shamba la mahindi ni kubwa, ni uamuzi wa baba na mama na pesa. Bustani ni yake, pale nyuma ya jiko, na pale anaweza kukosea kidogokidogo. Kwanza ameacha kusia mbegu zote siku moja. Pakiti ya chainizi anaigawa mara tatu, kila baada ya wiki mbili, jua likiua la kwanza lipo la pili. Kitalu amekihamishia chini ya migomba, jua la mchana lisikifikie. Kiangazi anatengeneza kitanda cha kuzama, chini kidogo ya usawa wa ardhi, ili maji ya ndoo moja yasitoroke. Masika anakigeuza kuwa tuta lililoinuka ili mizizi isioze. Ukiangalia vizuri ni akili ya ngoro ileile, shimo kwa ajili ya maji na tuta kwa ajili ya mmea, imehamia jikoni. Maji ya kuoshea vyombo hayamwagwi barazani tena. Na nyanya ameachana nazo. Alipambana na kantangaze misimu miwili, yule mdudu anayetoboa majani na matunda, akanunua dawa moja, akanunua nyingine, mwisho akasema, "Nyanya nitanunua sokoni, mnavu hauniombi dawa." Mnavu, majani ya maboga, figiri. Mboga ambazo tulizionea aibu kuzibeba shuleni ndizo zilizobaki zimesimama.

Mtu atasema bustani ya nyuma ya jiko haiwezi kulisha nchi. Sijasema italisha nchi. Ila kwenye wiki zile tatu za jua, mahindi yakiwa yameungua, chainizi ya awamu ya pili ililiwa, na iliyozidi ikauzwa njiani.

Kuna jambo la mabonde lazima niliguse, maana nikilinyamazia watu wa nyumbani watanishangaa. Kwetu kila familia ilikuwa na kipande cha bondeni kwa ajili ya mboga za kiangazi, huko Iringa na Njombe wanaita vinyungu. Yule binti wa getini alikuwa ametoka bondeni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au chanzo cha maji, na nia yake naielewa, vijito vyetu vinapungua na kila mtu anaona. Lakini pima bonde la Umatengo. Mengine ukipima mita 60 kila upande umeshapanda mlima, umepita bonde lote. Sheria ikitekelezwa kwa kamba, anayepoteza kwanza ni mama mwenye matuta sita ya kabichi, huku milingoti iliyopandwa palepale karibu na maji inaendelea kunyonya, kwa kuwa mti unaonekana ni mazingira na kabichi inaonekana ni uharibifu. Mimi naona kinyume. Kama ni kuanza kutoa kitu bondeni, tuanze na mlingoti. Na kama kabichi nayo lazima ipande juu, basi mtu amfundishe huyo mama namna ya kuvuna maji ya bati kabla hajamng'olea, si baada.

Na hapo ndipo shule inaingia.

Shule ya kata, hata iwe maskini vipi, ina vitu viwili ambavyo mama yangu hana: paa kubwa na daftari. Chukua darasa la mita 20 kwa 7. Paa lake ni mita za mraba 140. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, wala si hesabu ngumu. Kwa hiyo mvua ya milimita 10, ambayo kwetu ni mvua ya kawaida ya mchana mmoja, inashusha lita 1,400 kutoka darasa moja. Tunaziacha zinachimba mfereji kwenye uwanja wa paredi, kisha Julai tunawapa wachelewaji ndoo waende mtoni. Jamani.

Na daftari. Kata chupa ya maji, ile iliyonyooka ubavu, geuza shingo iwe faneli, weka rula, chimbia chupa kidogo ardhini isipeperushwe, mbali na miti na paa. Umepata kipima mvua. Si cha viwango vya Mamlaka, lakini ukikisoma kila siku saa tatu asubuhi mwaka mzima, miaka minne ya mtoto yuleyule kutoka kidato cha kwanza hadi cha nne, shule ina kitu ambacho kijiji hakijawahi kuwa nacho: kumbukumbu ya mvua ya palepale. Lini ilianza kweli, lini ilianza kwa uongo, siku ngapi za jua zilifuata. Pembeni andika tulisia lini, iliota ngapi, ilikufa ngapi. Baada ya miaka kadhaa mzazi akiuliza nipande au nisubiri, mtoto hatakuwa na uhakika, hakuna mwenye uhakika, lakini atakuwa na kitu cha kumwambia zaidi ya "mbingu inadanganya."

Nilipoieleza hii kwenye semina moja hapa chuoni mwenzangu wa hisabati aliniambia, "Mimi nafundisha namba, bustani inanihusu nini?" Nilitaka kumjibu vibaya. Wastani, grafu, asilimia ya uotaji, mjazo wa tangi, nani afundishe, mwalimu wa michezo?

Ila kuna pingamizi moja silidharau. Mwingine alisema, "Wewe unataka kuturudishia kutumikishwa. Mimi nimepalilia mahindi ya walimu miaka minne." Ni kweli, na mimi nimepalilia. Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na ndani yake alisisitiza kwamba wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shamba la shule na waone faida ya kazi yao. Sehemu hiyo ndiyo iliyodondoka njiani. Lilibaki jembe bila uamuzi na bila hesabu: watoto wanalima, mahindi yanaingia stoo, mlango unafungwa. Kizazi kizima kilitoka pale kikiapa kwamba watoto wake hawatashika udongo. Sasa tumepata mtaala mpya, tangu Januari 2024 una mkondo wa amali, na kilimo ni mojawapo ya yale yanayotajwa kwa sauti kubwa. Nina wasiwasi. Tukienda na mtaala mpya na tabia ya zamani, amali nayo itakuwa adhabu, tofauti ni kwamba itakuwa na mtihani.

Kwa hiyo masharti yangu ni haya, na nitayafuata mwenyewe nikiajiriwa, au hata nikijitolea, maana ajira nayo ni mvua ya Novemba. Bustani ni ndogo, ya darasa, si shamba la ekari. Mazao yanaandikwa na yanaliwa na waliolima, kwenye makande ya mchana, mbele ya macho yao. Na hakuna mtoto, kwa kosa lolote, atakayepelekwa pale kama adhabu. Aliyechelewa abaki darasani aniambie kwa nini.

Nyumbani nilimwachia mama chupa moja na rula likizo iliyopita. Alicheka, akasema nimesomea kuchungulia chupa. Sasa ananitumia meseji, namba tupu bila salamu. "12." "0." "0." "3." Baba anasema eti ameanza kuwaambia majirani.

Nyuma ya hosteli yetu kuna kipande kati ya kamba za nguo na ukuta, kina magugu na mabaki ya matofali, na paa la hosteli halina mfereji wa kukinga maji hata mmoja. Nimewaandikia viongozi wa serikali yetu ya wanafunzi kuomba kipande hicho na ruhusa ya kuweka pipa. Barua iko kwa waziri wa mazingira wa kwetu, anasema ataipeleka kikaoni. Mpaka sasa tumejiandikisha sita, wanne wa ualimu, mmoja wa sheria, mmoja wa uhasibu ambaye anasema amekuja kwa ajili ya mchicha tu. Jembe tunalo moja. Anayetaka kuungana nasi aje Jumamosi saa kumi jioni kwenye kamba za nguo, na akichelewa asiogope.